Aliyebaki Kwenye Benchi

Nyumba ya Dorkasi, Mama Nikodemo, pale Kwai haikupata siku ya kupumua. Ilikaa kando ya njia, na mtu akitoka shamba la kijiji, akitoka duka la ushirika kuulizia sukari isiyokuwepo, akitoka hata mazikoni, lazima apite pale atue mzigo na aongezewe habari. Lakini siku yenyewe hasa ilikuwa Jumamosi alasiri. Hapo wanawake walijaa mpaka kizingitini, kila mmoja na sindano yake ya kufumia, nyingine zimechongwa kwa spoku za baiskeli. Nyuzi walizichomoa kwenye mifuko ya unga, maana mwaka ule wa mahindi ya njano ya msaada uzi wa dukani ulikuwa hadithi. Walikuwa wakifuma kitambaa cha madhabahu. Kila mwanamke ua lake, kisha maua yote yaunganishwe kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Hata Mwanahawa, Mwislamu wa nyumba ya pili, alikuja kufuma. "Uzi hauulizwi dini," alisema, na chai ikamiminwa.

Yudith peke yake ndiye aliyekoma kuja. Dorkasi hakuijua sababu, na jambo asilolijua Dorkasi lilimwasha kama upupu.

Ikaja Jumapili ya Chakula cha Bwana. Mchungaji alifika kutoka Mlalo, kama kawaida yake mara moja kwa mwezi, na watu wakainuka benchi kwa benchi kwenda mezani. Yudith akabaki ameketi, mikono juu ya kitabu cha nyimbo. Sasa, kila Mlutheri wa milima ile anamjua anayebaki kwenye benchi. Ni aliyetengwa. Ametenda jambo, na wazee wa kanisa wamemkalisha.

Jumamosi iliyofuata Dorkasi alijizuia, kweli alijizuia. Alifika mpaka kikombe cha pili.

"Mimi sisemi kitu," akasema, "ila mtu mzima hakai benchini kwa kuumwa goti."

"Ehe! Nani huyo?"

"Nimesema sisemi."

"Sema, Mama Nikodemo, usitutese!"

"Haya. Mume wa Yudith yuko Tanga kwenye mkonge, huu mwaka wa pili. Lile shamba lake la bondeni nani analilima? Linajilima?"

Kicheko kikapasua nyumba. Mwanahawa ndiye aliyeinua macho. "Mimi mambo ya meza yenu siyajui. Kwani hakuna sababu nyingine ya mtu kukaa?"

"Wewe angalia fundo lako, litafumuka!" Dorkasi akamjibu, wakacheka tena.

Maneno yale yalisafiri na vikapu vya kabichi hadi gulio la Mlalo, yakarudi yamenona.

Jumapili ya Chakula cha Bwana ilipokaribia tena, Secilia, mmoja wa wafumaji, alibisha kwa Dorkasi asubuhi, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia."

"Mama, nimetumwa na baba wa mtoto. Jumapili anabatizwa, na tunakuomba wewe uwe mdhamini wake."

"Si mlimchagua Yudith?"

Secilia akatazama sakafu. "Tulimchagua. Lakini baba yake katoka gulioni, anasema Mlalo nzima inajua mama yule ametengwa. Aliyetengwa atamshikaje mtoto mbele ya Bwana? Nimepita kwake nikamwambia tu kwamba tumebadilisha."

Kumbe ni kweli, Dorkasi akajiambia. Hata Mlalo wanajua! Wala hakukumbuka neno lile lilianzia wapi. Akampokea mtoto, akamrusharusha, akakubali.

Mchana akaenda kwa Yudith. Mdomoni alikuwa anafuata ua la kitambaa. Moyoni alitaka kuuona uso wa mtu aliyetengwa. Akamkuta mkekani anapepeta maharage, na kabla hajaketi vizuri, Yudith akaingia ndani, akarudi na ua. Lilikuwa zuri, petali zote sawasawa.

"Nimelifumua nikalirudia, sijui mara ngapi," Yudith akasema. "Unaikumbuka siku ile? Uliliinua mbele ya watu ukauliza kama kuku amelichakura."

Dorkasi alikikumbuka kicheko. Kwamba ua lile lilikuwa na mwenyewe, hilo hakuwahi kulifikiria.

"Iliniuma, sikufichi. Nikamwendea Mwinjilisti Danieli. Nikamwuliza, nitapokeaje mkate wa Bwana na jirani yangu nimemfungia moyo? Akanijibu, nenda mkapatane kwanza. Ndiyo maana ulinikuta nimekaa."

"Sasa mbona hukuja?"

"Nilikuja. Kila nikija nyumba imejaa. Nikaona nikilisema mbele ya wale, watakusema wewe."

Dorkasi akakumbuka jinsi Yudith alivyosimama nje kwenye migomba, na yeye mwenyewe akipaza sauti toka ndani: "Karibu, chai ipo!" Na Yudith akijibu, "Napita tu."

"Leo umekuja mwenyewe, Mungu ametusaidia," Yudith akasema, akanyoosha mkono. "Tusameheane, mwenzangu."

Nyuma yake, juu ya kikapu, kilikuwepo kikofia cheupe cha mtoto, kimemalizika hadi kamba za kufungia.

Dorkasi akaushika ule mkono. Akapokea msamaha wa kosa dogo huku lile kubwa amelikalia kama kuku juu ya mayai, akaaga, na njia nzima kiganja chake kilimwasha.

Jumamosi wakaja kama kawaida. Yeye hakupika chai. Alisimama katikati yao, hana pa kuweka mikono.

"Yudith hajatengwa. Hakuna mwanamume, hakuna neno lolote. Alikaa benchini kwa sababu mimi nilimcheka hapa hapa, naye hakutaka kupokea akiwa na kinyongo. Yale mengine niliyatunga mimi. Secilia, mdhamini wa mtoto wako ni yule yule."

Maisha yake yote alikuwa akiwachekesha watu. Sasa aliomba acheke hata mmoja. Walizikunja nyuzi zao taratibu, wakaondoka mmoja mmoja. Mwanahawa akabaki mlangoni.

"Na Mlalo?" akauliza. "Kule nani atakwenda?"

"Nitakwenda mimi. Siku ya gulio."

"Kwa Yudith je?"

"Sasa hivi."

Yudith alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kupepeta. Hakupaza sauti. Alimwuliza jambo moja tu: "Siku ile uliponishika mkono, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Ungo ukatua. "Basi nenda, Mama Nikodemo. Nitakuita nikiweza. Leo siwezi."

Jumapili Yudith alisimama mbele na mtoto wa Secilia mikononi, kikofia cheupe kichwani mwa mtoto, maji yakamwagwa, mtoto akalia kwa nguvu na watu wakatabasamu. Kisha ikaja Meza ya Bwana. Benchi la Dorkasi likainuka lote. Yeye akakunja magoti pembeni kuwapisha, akabaki peke yake, mikono juu ya kitabu cha nyimbo. Yudith alirudi kutoka mezani akampita. Hakumtazama.

Dorkasi alikuwa hajui kwamba mtu akikaa pale husikia kila kitu. Kwenye benchi la nyuma walikaa wageni wawili waliokuja na mchungaji kutoka Mlalo, wasiomjua kwa jina wala kwa sura. Mmoja akamwinamia mwenzake.

"Mimi sisemi kitu," akanong'ona, "lakini huyo mama..."

Dorkasi akainamisha kichwa, asigeuke.