Sauti ya Chini

"Tano tena!" Mwalimu Ásgrímur alipiga mstari mwekundu kati ya noti mbili za muziki, kisha mwingine, halafu akaitupa kalamu mezani kama mtu aliyechoka kufukuza kuku jikoni. "Steinvör, mwanangu, unanitania?"

"Sikutanii, mwalimu. Ndivyo ninavyosikia."

"Sauti ya juu ikipanda, ya chini nayo inaifuata, umbali uleule wa noti tano, kama mwanakondoo na mama yake. Kila zoezi! Nimekwambia, moja ikipanda, nyingine ishuke. Zipishane."

Steinvör aliificha mikono yake chini ya meza. Ilikuwa mikono ya mkamuaji wa ng'ombe, mipana, yenye nyufa zisizopona wakati wa baridi. Kinanda cha kanisa la bondeni kwao kilikuwa kimya tangu mpigaji wake afariki, na mchungaji alishasema: mwalimu akimpitisha Steinvör, Pasaka atakipiga yeye. Asipompitisha, ataletwa mtu kutoka mjini Akureyri. Alikitamani kiti cha mpigaji kinanda tangu utotoni, wala hakuona haya kukitamani.

"Babu zetu waliimba hivyo," alisema. "Kwetu mpaka leo…"

"Hata mimi nimeuimba huo wimbo wa kale wa watu wawili. Harusini, tena nimelewa chakari!" Mwalimu alicheka, kisha akashusha sauti. "Sikia. Si kwamba ni vibaya. Ila kwenye zoezi hili nataka watu wawili. Sauti mbili zikitembea hivyo, moja inamezwa. Ukitega sikio sana utagundua anaimba mtu mmoja tu. Mwenzake alishakufa zamani."

Mwalimu hakuwa mtu wa bonde lile, hakujua habari za Eyvindur.

Eyvindur alikuwa kaka yake. Vuli moja walipanda mlimani kukusanya kondoo, ukungu ukawafunika, wakafanya kama walivyozoea: Steinvör aimbe, kaka aitikie noti tano chini yake, ili kila mmoja ajue mwenzake alipo. Aliitikia vizuri. Aliitikia kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi, bila kukosea hata noti moja, mpaka ikabaki sauti ya Steinvör tu. Hawakumpata, hata kofia yake. Lakini tangu hapo kila Steinvör alipoimba zizini, ile sauti ya chini ilikuja. Aliiogopa. Kuikosa aliogopa zaidi.

Na si yeye peke yake aliyeisikia. Mama yake, ambaye sasa alikuwa haoni, alikuwa akija mpaka mlangoni kwa kupapasa ukuta na kusema, "Mnaimba vizuri leo." Mnaimba. Steinvör hakuwahi kumsahihisha.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akikamua kama kawaida. Mkono mmoja ukishuka, mwingine ukipanda, maziwa huku, maziwa kule. Ghafla akaacha. Maisha yake yote mikono yake ilikuwa ikipishana, naye hata siku moja hakuisikia. Akaifuta kwenye aproni, akakimbilia ndani, akaandika zoezi zima kabla maziwa hayajapoa.

Mwalimu alilisoma mara mbili. Kalamu nyekundu haikuguswa.

"Hawa sasa ni watu wawili," alisema. "Leo hii nampigia mchungaji simu. Mbona umenuna?"

"Nimefurahi, mwalimu."

Na kweli alifurahi. Alilia njia nzima, akijiambia ni furaha.

Jioni alikaa kwenye kigoda chake zizini, akawa anakamua huku akiimba sauti ya juu ya zoezi lile, polepole, ikipanda. Kichwani aliiacha ya chini ishuke, iende zake, kama alivyofundishwa. Kisha akarudia wimbo wao wa mlimani. Akangoja kuitikiwa. Akasikia maziwa tu yakigonga ndoo.

Mlango ulilia. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Unaimba vizuri leo," alisema.

Mama alipoondoka, Steinvör aliinuka akaufungua mlango wa pili, ule unaotazama mlimani, akauzuia kwa ndoo tupu usijifunge. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye ua. Akarudi kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akaanza wimbo upya. Safari hii aliuanzia noti tano chini ya pale alipozoea, akamwachia kaka yake ile ya juu.