Leo Sionji

Usiku wa jana niliota mtungi wangu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, umekaa kwenye foleni ya kliniki ya presha, umeshika kadi ya Elinami, mume wangu.

"Usiongee, usikunje miguu," kipimo kinauambia. Mtungi hauna miguu, lakini unatii. Kipimo kinauzungushia mkanda shingoni, kinabana.

"Mia na tisini kwa mia na ishirini. Presha hii ya nani?"

"Ya mume wangu," nasema. "Lakini mwezi uliopita mlimwandikia nafuu."

"Kila mwezi huacha pombe siku tatu kabla ya kliniki, anafika kwangu mlokole kabisa. Akitoka hapa anapitia wapi?"

Najua anapitia wapi. Anapitia jikoni kwangu.

Mara kliniki inakuwa uwanja wa nyumba yetu na katikati kuna jeneza. Waombolezaji wamepanga mstari, kila mtu na kata yake ya kunywea, wananisubiri. Kwetu Uchaggani mpika mbege huonja kwanza, watu waone haina sumu.

Elinami anainuka jenezani na suti ya harusi yetu, mdomo umepindwa na kiharusi. "Onja, Mama Ndeshi. Watu wana kiu."

Naonja. Nimeonja miaka kumi na tisa, na hata ndotoni nimeonja. Hilo ndilo linaloniuma.

"Mmeona?" anawaambia. "Haiui." Kisha analala tena.

Kwenye ukuta wa jikoni, kata kuukuu ya marehemu baba mkwe, isiyotumika tangu ipasuke, inakohoa.

"Mimi nimeshiba," inasema. "Kila siku ya pombe mumeo ananilisha vidonge vyake vya presha. Anasema dawa na pombe havikai tumbo moja. Basi dawa ndiyo inayokosa nafasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kunishusha. Macho yako yote yako mtungini."

Nikaamka, kumekucha. Elinami anakoroma, mdomo umenyooka. Nilimshukuru Mungu, halafu nikamchukia kidogo, na mimi mwenyewe nikajichukia zaidi. Nikaenda jikoni, nikaishusha ile kata kuukuu, nikaitikisa. Ikalia. Ilikuwa imejaa vidonge vyeupe hadi kwenye ufa.

Elinami akaingia akipiga miayo.

"Mama Ndeshi, imeiva? Kliniki ilikuwa jana, leo niko huru. Hebu onja basi, nami nipate."

Nikavimwaga vidonge vyote mezani, mbele yake. Kimoja kikabingirika hadi sakafuni, akakitazama bila kukiokota.

"Baba Ndeshi," nikamwambia, "leo sionji."