Kikopo cha Vilivyovunjika

...na hizi kalamu za rangi kazipangua tena, jana tu nimeziweka vizuri, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, leo mtoto kazirudisha anavyotaka yeye, mkaidi huyu, sijui kamrithi nani, na wifi yangu pale kwenye kochi haishiwi maneno, "Wifi, nimchukue akae kwangu, wewe unashinda kwenye mabomba ya watu, mtoto atajifunza nini kwako?"... eti atajifunza nini, na kinachoniuma ni kwamba wiki nzima najiuliza hivyohivyo, nimelala chali chini ya sinki la mtu, maji machafu yananitiririkia shingoni, nawaza, pengine kweli, kwa shangazi yake kuna meza ya kusomea, kuna mtu nyumbani mchana, na mume wangu yuko safarini, jibu ni langu... ngoja, gundi imeganda mdomoni mwa chupa, brashi kazisimamisha nywele juu, mkasi mdomo chini, kama... subiri kwanza. Vya kila siku upande wa kulia. Vya mara mojamoja nyuma. Na hiki kikopo cha maziwa, krayoni zilizokatika, vifungo visivyo na wenzake, hakutupa hata kimoja, nani kamwambia kilichovunjika hakitupwi, kiwekwe kando, siku moja kitaokoa kazi... Mungu wangu, mpangilio huu si ndio wa mkoba wangu wa kazi! Spana kulia, koleo mdomo chini, vipete kuukuu vya mpira wa bomba kwenye kikopo chao, vilevile, na sijamfundisha hata siku moja, asubuhi nikifunga mkoba nilidhani macho yake yako kwenye katuni, kumbe yalikuwa mikononi mwangu, na mimi mjinga nakuja kumpangia kwa rangi kama niko dukani! Lo, mwanangu wewe, maji hufuata mkondo, nataka kucheka peke yangu kama mwehu... "Wifi, si nakuuliza, nije kumchukua Jumamosi?" nakusikia, wifi, kunywa chai yako taratibu, acha nirudishe hizi krayoni alivyoziweka mwenyewe, moja moja, kisha nitanyanyua kichwa nikwambie kwa upole kabisa kwamba mtoto haendi popote, na hicho kikopo hapo mguuni pako, tafadhali, usikisogeze.