Siku Mzee Salum Alipogoma Kutoka Uwanjani

Klabu ya besiboli ya wazungu, huko kaskazini mwa Johannesburg, ilikuwa inasherehekea miaka mingi tangu ianzishwe, na mwaka huo wa 2017 ikamkumbuka baba yake Tabia. Ilimwalika arushe mpira wa kwanza, wa heshima, kabla ya mechi. Mzee Salum alinyoa ndevu, akavaa koti, na bintiye akamwendesha kutoka mtaa wao wa La Rochelle, kusini mwa jiji.

Alikuwa mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani ili akose. Babu yake Tabia alitoka Songea kuja kuchimba dhahabu, akamwachia mwanawe Kiswahili na mikono mirefu. Enzi za ubaguzi Salum alichezea timu ya weusi kwenye uwanja wa vumbi kando ya machimbo, na hakuna mpigaji aliyependa kusimama mbele yake. Sifa hizo zikafika kwa wazungu, wakamwajiri. Si kucheza, sheria ilikataa, na wao wala hawakutaka. Alirusha mazoezini tu, mipira laini, ili wapigaji wao wajifunze. Wao wakavuka bahari kwenda mashindanoni, yeye akabaki. Siku mkewe alipokuja kumtazama, Tabia akiwa mgongoni, walimfukuza hata pale nje ya uzio alipokuwa amesimama.

Jioni za mazoezi Salum alirudi nyumbani amefura. Sahani zilivunjika. Mkewe aliokota vigae. Tabia alikua akidhani hasira ile ilizaliwa mle ndani, kwamba labda yeye na mama yake ndio wakosaji. Mama yake alizikwa bila mtu kumwambia pole.

Sasa Hattingh, mwenyekiti wa klabu na nyota wao wa zamani wa kupiga, alishika kipaza sauti.

"Mpigieni makofi Salum, aliyetutunzia nyasi zetu kwa uaminifu!"

Nyasi! Damu ilimpanda Tabia kichwani. Baba yake hakuwahi kukata nyasi za mtu yeyote.

Mzee alipanda kituta cha katikati ya uwanja, anaposimama mrushaji, mpira mkononi. Hakurusha.

"Chukua gongo la kupigia, Hattingh," alisema kwa Kiingereza, na jukwaa zima likasikia. "Miaka yote nilikurushia ili upige. Leo nakurushia ili ukose. Njoo usimame."

Hattingh akacheka. "Salum, rafiki yangu, tumezeeka. Tupa tu huo mpira, watu wapige picha."

"Basi waambie mimi nilikuwa nani."

Hattingh alimwashiria mlinzi.

Mlinzi alikuwa Hénock, Mkongo wa Bukavu, ambaye getini alikuwa amefurahi kuwasikia wakiongea Kiswahili. Alikuja taratibu, kofia mkononi.

"Papa, munisamehe. Wamesema nikutoe."

"Usimguse!" Tabia alikuwa ameshaingia uwanjani mbio.

"Mama, simgusi. Lakini niwaambie nini kule?"

"Waambie baba yangu ni mrushaji. Anasubiri mpigaji."

Hénock akaenda, akawaambia. Jibu lilikuja bila maneno: watu walianza kubeba viti. Wachezaji wakaokota mifuko yao. Mechi ilikuwa inahamishiwa kwenye uwanja wa mazoezi, nyuma ya jengo.

"Eish," alisema Hénock. "Wamehama. Neno moja tu, mrushaji, limewashinda."

Tabia aliifuata meza ya viongozi wa klabu kabla haijabebwa, akanyakua kipaza sauti.

"Yule ni Salum Bakiri! Alikuwa mrushaji! Mama yangu mlimfukuza huko nje kama mbwa, na kila mlichomfanyia baba yangu hapa, sisi ndio tuliokilipia nyumbani! Sisi! Mimi nikiwa mtoto, nimejificha chini ya meza…"

Mtu alichomoa waya. Tabia akaendelea kwa sauti yake mwenyewe. Watu walisimama na viti mikononi, wakitazama chini. Hattingh alimjia na kofia mpya ya klabu, zawadi kwa mzee.

"Kaa nayo," Tabia alimwambia. "Usitufuate."

Alimshusha baba yake kwenye kituta, akamwongoza hadi ndani ya gari.

"Haya yote," alisema mzee, "nilipaswa kuyasema siku ile walipomfukuza mama yako."

"Ndiyo, baba. Ulipaswa kuyasema."

Mzee alimtazama, akingoja neno la kumliwaza. Tabia aliwasha gari, wakaondoka.