Taji la Umwishywa

Kule Burungu, katika milima ya Masisi, umwishywa hutambaa juu ya kila ua: mmea mwembamba, mchungu kupita kiasi. Majani yake yakipondwa hutoa minyoo tumboni na hutuliza upele. Tena, tangu zamani, mwanamume aliyemvika msichana taji la mmea huo na kumtemea maziwa alihesabiwa kuwa amemwoa, msichana atake asitake.

Ndivyo Sebarenzi alivyompata Emérita mwaka wa 1943, alipomvizia njiani akitoka kisimani, naye ni mchumba wa mtu mwingine. Msichana alifika kwao akilia, maziwa yakimtiririka shingoni. Ndayambaje, kaka mkubwa wa Sebarenzi, alikata shauri mbele ya wazee: "Desturi njo sheria. Huyu amekwisha olewa."

Emérita hakubisha. Alimzaa Constance na wadogo zake, alilima, alijifunza dawa za majani, na chuki yake akailea kwa uangalifu uleule aliowalea wanawe.

Mwaka wa 1955 upele ulimvamia Sebarenzi mwili mzima. Siku ya ubatizo wa kitinda mimba wao, ukoo ukiwa umejaa uani, alishindwa kuvumilia.

"Mama Constance, leta dawa! Ngozi inaniwaka moto."

"Inamisha kichwa, Papa Constance. Dawa inaanzia juu."

"Leo bwana iko mutoto!" wageni wakacheka.

Akainama. Emérita akatua chungu cha dawa, akamvika taji la umwishywa, akajaza maziwa kinywani, akamtemea usoni.

Sebarenzi akapangusa macho.

"Mwanamuke, uko na wazimu?"

"Hapana. Nimekuoa. Sasa miye njo bwana wa hii nyumba, na sikutaki. Toka!"

Sebarenzi akamgeukia Ndayambaje. "Kaka, sema basi!"

Ndayambaje akasogeza kiti chake nyuma. Wazee walewale walikuwa wakimtazama.

"Nijibu, shemeji," Emérita akamwambia. "Kama hii ni mchezo, basi miye sikuolewa hata siku moja. Kama ni sheria, huyu atoke. Chagua."

Kila jibu lilimpa Emérita alichokitaka, na Ndayambaje alilijua hilo.

"Beba kiti chako, Sebarenzi," alisema hatimaye, macho yake chini. "Utalala kwangu."

Sebarenzi akasimama, maziwa yakimdondoka kidevuni. Akatazama chungu cha majani yaliyopondwa.

"Na dawa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jikune," alisema Emérita, akachukua chungu, akaingia ndani, akafunga mlango.