Kamba Ikinyamaza

Tata Kabemba aliamka amechoka, kama siku zote. Kazi yake ni moja: kusimama kwenye mdomo wa shimo la shaba, nje kidogo ya Kolwezi, na kushika kamba. Chini yuko Gael, mwanawe wa pekee, na sheria ya wachimbaji ni fupi. Aliye chini huitikisa kamba kila mara ili walio juu wajue angali mzima. Kamba ikinyamaza, hakuna kungoja, watu wanashuka.

Asubuhi hiyo, akivuta gunia la mawe, giza lilimwingia machoni na kamba ikamponyoka. Gunia likaporomoka, likamkosa Gael chupuchupu. Mkewe Adolphine, muuza bukari, ugali wa kwao, palepale machimboni, akatupa mwiko, akampakia mumewe kwenye taxi-moto, pikipiki ya kukodi, wakaenda wote mpaka zahanati ya Manika.

Muuguzi Marlène alimpima, akapima tena.

"Tata, tension ya damu iko juu sana. Kinini, ile dawa tulikupatia, uko unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa. Kichwa ikaacha kuuma, njo nikaacha."

Marlène alishusha pumzi. Jibu hilo alilisikia kila siku. Akaeleza taratibu kwamba mwilini mna kimeng'enya kinachounda ujumbe, na ujumbe huo ukifika kwenye seli za kuta za mishipa, unaziamuru zikaze. Mishipa ikikaza, damu inapita kwa kusukumana. Dawa hukizuia kimeng'enya kile.

"Ukiacha dawa, kinarudia kazi yake. Na hautasikia kitu."

Kabemba alikunja uso. Amechoka na kamba, amechoka na vidonge, na sasa aambiwe ameze mpaka kufa! Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi.

"Lakini mama, kama haiumi, si nimepona?"

Adolphine alikuwa kwenye benchi, mikono ingali na unga. Hakuinua hata sauti.

"Tata ya Gael, kamba ya mutoto ikinyamaza, unasemaka amepona?"

Kabemba akatazama viganja vyake vilivyochunwa na kamba. Kisha akakinyoosha kimoja kupokea vidonge.

Kesho yake alimeza kidonge palepale kwenye mdomo wa shimo, akamwachia mwenzake Mukalay kamba mpaka tension ishuke. Mwenyewe akaketi juu ya magunia, mwili mzito, macho kwenye kamba. Ikatikisika.

"Eyo, mutoto wangu," akaitikia polepole, ingawa kule chini hakuna aliyemsikia.