Besi Bila Pazia

Consolée alipoamua kujifunza kupiga gitaa la besi, alikuwa mama wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Bruno, na gitaa lenyewe hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka, ekuteri ya masikioni ambayo upande mmoja tu ndio uliobaki na sauti, na sikio. Sikio hilo ndilo lililomletea matata.

Tangu usichana wake aliimba alto katika korali ya kanisa lao, pale mtaani Kimanga, karibu na ziwa. Wenzake walisikiliza sauti zao, yeye alisikiliza besi. Pitchou, kijana aliyepiga gitaa hilo, akipotea kidogo tu, Consolée naye alipoteza sauti yake. Akipatia, alihisi kama sakafu imempokea miguu. Hakuwahi kumwambia mtu. Katika kanisa lile wanawake waliimba, walifagia, walipikia wageni. Vyombo vya muziki vilikuwa vya wanaume, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyekata shauri hilo.

Basi siku moja mama mfanyabiashara alishuka kwenye boti la mawese kutoka Kalemie, akaja kununua ndagala kwake. Samaki wale wadogo walikuwa bado wanakauka juu ya nyavu, ikabidi angoje. Akafungua simu yake kupitisha saa. Ikatoka sauti ya mwanamke, yenye kukwaruza, yenye kicheko ndani yake, na nyuma yake besi ikitembea.

“Ni wimbo gani huo?” Consolée akauliza.

“Haiko wimbo. Ni podikasti. Kuko mama mumoja wa kwetu, wanamuita Chance, anafundisha wanawake kupiga besi.”

“Kwa sauti tu? Bila kuonyesha vidole?”

“Kwa sauti tu. Anasema muziki iliumbwa kwa ajili ya masikio, macho ni wageni.”

Consolée akamwomba amhamishie masomo yote. Yule mama alipofunga magunia yake na kuondoka, Consolée alikuwa ameshaanza somo la kwanza.

“Weye dada unayenisikiliza,” sauti ya Chance ilimwambia sikioni, “najua hauna gitare. Hata minye sikukuwa nayo. Tafuta ubao murefu, pigilia misumari mine kila upande, funga kamba za wavuvi. Kamba nene umuite Koko, maana ndiye bibi wa wote. Anayefuata ni Mama, kisha Shangazi, na ule mwembamba kabisa ni Binti. Usimuguse Binti mbele Koko hajakusalimia.”

Ubao aliuokota kwenye mbao za mume wake, Espoir, aliyekuwa fundi wa kujenga nyumba. Kila adhuhuri, ndagala zikiwa juani, Consolée alikaa kando yao na ubao magotini, huku mguu mmoja ukifukuza kuku. Kamba za nailoni hazikutoa muziki wowote, zilitoa mlio wa mbu. Lakini vidole vilijifunza njia. Chance alipiga, akanyamaza, akangoja, Consolée akajibu. “Besi na ngoma ni bibi na bwana,” Chance alipenda kusema. “Wakigombana, mutaa wote unasikia.” Consolée alicheka peke yake, na majirani waliomwona akicheka na ubao wakapata la kusema.

“Mama Bruno anapiga mbao sasa! Kesho atapiga sufuria!”

“Sufuria nimepiga tangu niolewe,” akawajibu, “na hakuna aliyecheka.”

Jioni moja Espoir alirudi kutoka kazini, akavua kofia, akasimama mbele yake.

“Mama Bruno, watu wanasema kichwa yako imeharibika.”

“Na weye unasema nini?”

Espoir alifikiri. “Minye nasema chakula imechelewa.”

“Imechelewa kweli. Makaa iko pale, kibiriti iko pale.”

Espoir aliangalia mlangoni kuona kama kuna anayewatazama. Kisha akachuchumaa, akawasha makaa. Hakufurahi, lakini aliwasha.

Gitaa la kweli Consolée alilishika kanisani, Jumamosi ya zamu yake ya kufagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akapita kati ya mabenchi hadi mbele, akakuta sanduku lake limesahauliwa bila kufuli, akaliinua. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akamsalimia Koko, na ingawa umeme haukuwapo, uzi ule mnene ulitetemeka mpaka akausikia kwenye mbavu. Alikuwa katikati ya wimbo wa mavuno alipogundua kwamba Pitchou amesimama mlangoni.

“Nani alikufundisha?” Pitchou akauliza.

“Mama mumoja wa Kalemie.”

“Alifika hapa lini?”

“Hajafika. Iko mu sikio yangu.”

Pitchou alicheka. Akamwambia arudie. Consolée akarudia, na safari hii kijana hakucheka.

“Pale mwisho wa kiitikio, hata minye nakosaka,” akasema. Kisha akashusha sauti: “Papa Thaddée asijue kama nimekuona.” Lakini tangu siku hiyo hakufunga tena sanduku la gitaa kwa kufuli.

Papa Thaddée alikuwa prezida wa korali, mzee mwenye koti la kahawia na sauti ya kuamuru hata anaposalimu. Jumapili ya mavuno ndiye aliyewapanga waimbaji, na ndiye aliyetangaza kwamba Pitchou ana malaria, wataimba bila besi. Kanisa lilijaa. Watu walikuwa wametoka mbali, hata Runingu, na mihogo, mahindi, mafungu ya ndizi. Wimbo wa kwanza ulianza, ukalegea kama paa lisilo na boriti. Tenor walikimbia, soprano wakawafuata, mpiga ngoma akawa anapiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Wimbo wa pili ulikuwa ule wa mavuno. Consolée alitazama gitaa lililokaa bure juu ya kibao chake. Akatoka kwenye mstari wa alto, akavaa mkanda begani, akawasha ampli, akaingia.

Mpiga ngoma aligeuka, akashtuka, kisha akampa mguu wake kwenye ngoma kubwa. Wimbo ukasimama wima. Vigelegele vikapanda kutoka upande wa akina mama, na wazee wa Runingu wakaanza kutikisa mabega. Consolée hakuona hata mmoja wao. Alikuwa nyumbani.

Papa Thaddée alizunguka ukutani taratibu, mikono nyuma, kama anayekwenda kufungua dirisha. Akainama. Akachomoa prizi ya ampli.

Besi ikafa. Sauti za waimbaji zikayumba. Consolée akainua macho, akamwona mzee ameshika waya mkononi, akimtazama, akingoja aone aibu. Aibu ilikuja, hilo hakuweza kulikana. Ilimchoma masikio na shingo. Lakini nyuma yake ikaja hasira, na hasira ilikuwa na nguvu zaidi. Hakuacha kupiga. Alipiga gitaa lisilosikika, uzi kwa uzi, bila kupunguza wala kuruka, macho yake kwa Papa Thaddée. Mpiga ngoma akabaki naye. Mstari wa alto ukabaki naye. Alifika mwisho, akalirudisha gitaa mahali pake, akarudi kusimama kati ya wenzake.

Jumanne akaitwa na komite. Walikuwa watatu: Papa Thaddée, Pasta Nizeyimana, na Firmin, sekreteri wa korali.

“Mama Bruno, kosa lako unalijua?” Papa Thaddée akaanza.

“Nalijua, Papa. Ubeti wa pili nilichelewa kuingia.”

Firmin alikohoa ili kuficha kicheko.

“Nani alikupa ruhusa?”

“Wimbo ulikuwa unaanguka. Muntu akiona nyumba ya jirani inawaka, anaombaka ruhusa ya kubeba ndoo?”

“Andiko linasema mwanamuke anyamaze mu kanisa!”

“Alto tunaimba kila juma. Mbona hamujatunyamazisha? Ao andiko linaogopa gitare peke yake?”

Pasta Nizeyimana akainua mkono. Hakuwa mtu mbaya, ila alichoka haraka na ugomvi. “Mwanangu, omba musamaha, mambo iishe.”

Consolée alimtazama. Alimheshimu, ndiye aliyewabatiza watoto wake.

“Pasta, musamaha unaombwa kwa kitu ambacho muntu hatarudilia. Minye nitarudilia.”

Wakamsimamisha korali mpaka atakapotubu. Alitoka akiwa wima, lakini alipofika nyumbani alilia juu ya magunia ya ndagala, kilio cha hasira kisicho na maneno. Maana korali ilikuwa maisha yake, si mchezo. Espoir alikaa kando yake, asijue aweke wapi mikono.

Jumapili iliyofuata Consolée alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akaketi benchi la kwanza kabisa, uso kwa uso na komite. Korali ilipoimba, aliimba alto yake akiwa hapo benchini, kwa sauti kubwa. Benchi halikuwa na prezida.

Kisha akatafuta gitaa lake mwenyewe. Kwa Protais, fundi wa redio, kulikuwa na besi kuukuu iliyovunjika shingo ikaunganishwa, imebaki na nyuzi tatu.

“Ni ya kumupelekea nani?” Protais akauliza.

“Ni ya minye.”

Protais akakubali ndagala badala ya pesa. Uzi uliokosekana, Koko mwenyewe, akauweka kwa waya wa freni ya baiskeli. Tangu hapo Koko alikoroma kidogo kila alipoguswa, na Consolée akampenda hivyo hivyo.

Wakati huo Pitchou alipata kazi mjini Baraka, akahama. Korali ikabaki bila besi, na wageni walikuwa wanatarajiwa kutoka Bukavu. Ndipo Firmin alipokuja, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

“Komite imekubali upige, Mama Bruno.”

“Asante Mungu.”

“Lakini… nyuma ya pazia. Wageni wasisumbuke. Watasikia besi, hawatakuona. Kitambaa kimeshanunuliwa.”

Consolée aliendelea kugeuza ndagala zake. “Rangi gani?”

“Bluu.”

“Bluu ni nzuri. Mwambie Papa Thaddée ajifunike nayo yeye, kama ni macho yake ndiyo yanasumbuka.”

Espoir, aliyekuwa akichanganya saruji uani, aliweka mwiko chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Firmin alipokwisha kuondoka, kicheko kikamwisha. “Watatufukuza kanisani, mke wangu.”

“Watufukuze wakiniona. Gizani hapana.”

Espoir alisafisha mwiko wake kwa muda mrefu. “Basi,” akasema, “tutafukuzwa wawili.”

Wageni wa Bukavu walikuja, wakaimbiwa wimbo usio na miguu, wakaondoka. Mwezi uliofuata Mama Mukarusanga, aliyesimama karibu na Consolée kwenye mstari wa alto miaka yote, alimwoza binti yake kule Bwegera. “Arusi ni yangu, haiko ya komite,” akasema. “Utapiga.” Consolée akaenda na gitaa lake mgongoni juu ya pikipiki, na Espoir nyuma kwenye pikipiki nyingine, amekumbatia ampli ya kukodi kama mtoto mchanga.

Alipiga kwenye uwanja, kandokando ya mashamba ya mpunga, watu wote wakimwona kutoka kichwa hadi viatu. Waliimba, wakacheza, vumbi likapanda. Papa Thaddée alikuwapo, kwa kuwa bwana arusi alikuwa mtoto wa dada yake. Hakupiga makofi. Aligeuza kiti chake, akala wali wake akiwa amempa Consolée mgongo. Consolée aliuona mgongo ule, akaongeza sauti.

Walipopumzika, mwanamke mmoja mkulima alimfuata, mikono imepasuka kwa maji ya mashamba.

“Dada, minye naweza?”

“Vidole vitauma. Leta simu.”

Wakaja wengine wawili, kisha msichana wa shule, kisha mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Consolée aliwahamishia masomo yote ya Chance, moja moja, mpaka betri ilipokufa.

Baada ya hapo Firmin alikuja tena. Safari hii hakukaa.

“Pazia wameiacha. Utapiga mbele ya watu. Ila kwanza umuombe Papa Thaddée musamaha. Kidogo tu, Mama Bruno. Hata kwa simu.”

“Hata kidogo, hapana. Jumapili nitakuya na gitare yangu, nitasimama pale wapiga vyombo wanasimamaka. Wakitaka kunitoa, wanitoe watu wakiangalia.”

“Niwaambie hivyo?”

“Hivyo hivyo. Usipunguze neno.”

Jumapili akaenda. Hakuketi benchini. Alipita katikati ya kanisa, gitaa begani, viatu vyake vikisikika, akapanda mbele, akasimama upande wa kushoto wa ngoma. Papa Thaddée alisimama, akafungua mdomo. Mama Mukarusanga naye akasimama katika mstari wa alto. Kisha aliye karibu yake, kisha mstari mzima, na huku nyuma Espoir, aliyekuwa haimbi wala hachezi, akasimama peke yake upande wa wanaume, kofia mkononi.

Papa Thaddée aliwatazama mmoja mmoja. Pasta Nizeyimana alifungua kitabu cha nyimbo, akajifanya anatafuta ukurasa. Mwishowe mzee akaufunga mdomo wake, akaketi, uso umekaza, bila kukubali lolote.

Consolée hakungoja akubali. Alimwangalia mpiga ngoma. Mpiga ngoma akagonganisha fimbo zake, na besi ikaingia.